Mwongozo Kamili: Kuijua Thamani ya Nyumba Yako Unguja au Pemba Kabla ya Kuiuza

Wamiliki wengi wa nyumba Unguja na Pemba huingia sokoni wakiwa na bei waliyokwisha kuiamua. Mara nyingi bei hiyo hutokana na jumla ya fedha zilizoingia katika ujenzi, au haja iliyomkabili mwenye nyumba, au kiasi anachokidai jirani kwa nyumba yake ambayo bado haijapata mnunuzi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachomhusu mtu atakayetoa fedha. Matokeo yake ni yale yale: nyumba hukaa miezi bila ya mnunuzi, jina lake huchakaa kwa madalali, na hatimaye huuzwa kwa bei ya chini kuliko ile ambayo ingepatikana mwanzo.

Thamani ya soko ni kiasi ambacho mnunuzi mwenye uwezo na hiari, anayeijua nyumba vyema na ambaye angeweza kununua nyengine badala yake, angekubali kumlipa muuzaji asiyebanwa na haraka. Kiasi hicho hutafutwa kwa kazi ya hatua kwa hatua. Zifuate hatua hizi kwa mpangilio wake, kwa sababu nimeona watu wakianza na rangi ya kuta na kumalizia na karatasi, ilhali katika visiwa vyetu karatasi hupandisha au hushusha bei kuliko rangi yoyote.

Takwimu za fedha zilizomo humu ni za mfano wa hesabu tu. Weka za mtaa wako.

## Vitu vya kutayarisha

- Hati ya matumizi ya ardhi, karatasi ya mauziano, barua ya mgao au karatasi yoyote inayoeleza nyumba ilivyokufikia, asili na nakala.
- Ikiwa nyumba ni ya mirathi, karatasi za mirathi na orodha ya warithi wote, pamoja na mahali anapoishi kila mmoja wao.
- Kibali cha ujenzi na ramani ya nyumba, kama vipo.
- Risiti za karibuni za maji na umeme.
- Utepe wa kupimia wa mita 30 au zaidi, daftari, kalamu ya risasi na kikokotoo.
- Ndoo ya lita 20, saa, tochi na nyundo yenye mpini wa mbao.
- Msaidizi mmoja asiyekuwa na maslahi katika mauzo, ikiwezekana fundi mwashi. Mwenye nyumba huzizoea kasoro za nyumba yake mpaka akaacha kuziona.

## Hatua ya 1: Thibitisha unachokiuza na nani ana haki ya kukiuza

Kisheria, ardhi ya Zanzibar ni ya umma. Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya mwaka 1992 inampa Mzanzibari haki ya kuitumia, na anachokihaulisha mtu anapouza nyumba ni haki hiyo pamoja na jengo na maendelezo mengine yaliyomo. Ndiyo maana mnunuzi makini huuliza karatasi kabla hajavuka baraza, na ndiyo maana nyumba mbili zilizojengwa na fundi mmoja, katika njia moja, huweza kuuzwa kwa bei zinazopishana sana.

Angalia nyumba yako iko katika daraja gani. Juu kabisa ni nyumba yenye hati ya matumizi ya ardhi kwa jina la muuzaji mwenyewe. Chini yake ni ile yenye hati ambayo bado ina jina la marehemu au la mmiliki wa mwanzo. Kisha inakuja nyumba yenye karatasi ya mauziano iliyosainiwa mbele ya sheha na mashahidi, ambayo ndiyo hali ya nyumba nyingi za mitaa iliyokua bila ya kupimwa. Mwisho ni nyumba isiyokuwa na karatasi, ambayo umiliki wake unajulikana kwa kauli za majirani tu. Kila daraja unaloshuka hupunguza idadi ya watu wanaoweza kununua: benki hazikopeshi kwa karatasi ya sheha kama zinavyokopesha kwa hati, na Mzanzibari aliyeko Muscat au London anayenunua kupitia kwa ndugu yake huogopa kuweka fedha mahali ambapo hawezi kuonyesha kitu.

Yako mambo manne ambayo ni lazima uyatolee jawabu kabla ya kuendelea.

Warithi. Nyumba ya marehemu ambayo mirathi yake haijagawiwa ni mali ya warithi wote, hata kama mmoja wao ndiye aliyeishi ndani na kuitengeneza kwa miaka mingi. Tuchukue mfano. Baba, ambaye wazazi wake walikwisha kutangulia, amefariki na kuacha mke, watoto wawili wa kiume na binti mmoja, na nyumba ina thamani ya shilingi 80,000,000. Mke hupata thumni, yaani sehemu moja ya nane, sawa na 10,000,000. Zinazobaki, 70,000,000, hugawiwa mafungu matano: kila mtoto wa kiume mafungu mawili, sawa na 28,000,000, na binti fungu moja, sawa na 14,000,000. Ikiwa ndugu wawili wa kiume wanauza na dada yao hajatia saini, mnunuzi anajua kwamba siku moja dada huyo, au watoto wake, watabisha hodi. Atakachokifanya ni kuondoka, au kukata bei kwa kiasi kikubwa zaidi ya fungu la dada, kwa sababu anajilipia pia safari za mahakamani.

Nalisisitiza hili kwa sababu wanaoumia zaidi ni wajane na mabinti, ambao huletewa fedha baada ya nyumba kuuzwa bila ya kuulizwa bei, na pengine wasiletewe kabisa. Pita kwa Kadhi au katika Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, ambayo hushughulikia mirathi ya Waislamu, upate karatasi inayotaja kila mrithi na fungu lake. Mrithi aliye nje ya nchi atoe hati ya uwakala iliyothibitishwa. Ujumbe wa simu kwamba “mimi sina neno” hautoshi.

Wakfu. Nyumba ya wakfu haiuzwi. Katika Mji Mkongwe zipo nyumba nyingi za wakfu, na zipo nyengine za Serikali, ambazo wakaazi wake wamekaa vizazi viwili au vitatu hadi wakaziona ni zao. Uliza mapema, tena upate jawabu la maandishi.

Eka tatu. Ikiwa nyumba imesimama juu ya ardhi iliyogawiwa na Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964, ile inayoitwa eka tatu, ardhi hiyo ina masharti yake na haikatwi viwanja kama shamba la kununua. Fika Kamisheni ya Ardhi ukaulize kabla ya kumtajia mtu bei.

Miti. Kwa desturi yetu mnazi au mkarafuu huweza kuwa wa mtu mmoja na ardhi uliyosimama ikawa ya mwengine. Pemba jambo hili bado ni hai. Ikiwa katika kiwanja chako ipo mikarafuu ya ami yako, mnunuzi atamwona mchumaji akiingia uani kwake na ngazi begani, na ugomvi utarudi kwako. Ama inunue miti hiyo kwanza, ama iandike katika mapatano.

*Tahadhari:* usipokee arubuni kabla ya hatua hii kumalizika. Arubuni ikishapokelewa na kutumiwa, muuzaji hupoteza nguvu ya kusubiri, na mara nyingi hulazimika kukubali bei anayopewa.

*Utajua umefanikiwa* utakapokuwa na bahasha moja yenye karatasi zote, na ukaweza kumweleza mgeni kwa sentensi tatu nyumba ilitoka kwa nani, ikafikaje kwako, na ni nani watakaotia saini.

## Hatua ya 2: Pima kiwanja na jengo

Pima urefu na upana wa kiwanja kwa mita, na kama pembe zake si za mraba, kigawe katika pembetatu ili upate eneo sahihi. Kisha pima jengo kwa nje, ukiandika pembeni ukubwa wa kila chumba, ukumbi, jiko, vyoo na banda la uani. Linganisha na hati. Ukuta uliovuka mpaka kwa mita moja ni jambo dogo la kumalizwa na jirani leo kwa kikombe cha chai na saini mbele ya sheha, lakini ni jambo kubwa siku mnunuzi atakapokuja na mpimaji wake.

Usitegemee maneno kama “nyumba ya vyumba vinne”. Vyumba vinne vya mita 3 kwa 3 na vinne vya mita 4 kwa 4 vinatofautiana karibu mara mbili kwa eneo.

*Utajua umefanikiwa* ukiwa na tarakimu mbili zisizobishaniwa: mita za mraba za kiwanja na mita za mraba za jengo.

## Hatua ya 3: Litazame eneo kwa macho ya mgeni

Jengo hutengenezeka, mahali hapatengenezeki. Kwa hiyo mnunuzi hulipia kwanza njia ya kufikia nyumba. Pima umbali kutoka nyumba hadi barabara ya lami kwa hatua zako, na uone kama gari linafika mlangoni au linasimama mwanzo wa uchochoro. Katika mitaa iliyojengwa kwa kubanana, nyumba ambayo gari la maji, gari la wagonjwa na jeneza vinafika bila ya taabu huuzwa kabla ya ile ya nyuma yake, hata kama ya nyuma ni nzuri zaidi.

Nenda uitazame nyumba siku ya mvua kubwa. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hufichua mambo ambayo kiangazi huyaficha. Wanunuzi wa mjini wanazijua sehemu za bondeni, zikiwemo za Mwanakwerekwe na Jang’ombe, ambako maji ya mvua yamekuwa yakituama kwa miaka mingi, na watakuuliza moja kwa moja maji yalifika wapi. Ikiwa nyumba yako haijawahi kuingia maji, piga picha siku ya mvua ukionyesha barabara na kizingiti cha mlango pamoja. Picha hiyo ina nguvu kuliko kiapo. Ikiwa imewahi kuingia maji, lijue hilo na ulihesabu, kwa sababu majirani watamwambia.

Angalia pia kama kuta ziko ndani ya hifadhi ya barabara, kama kuna alama ya kubomolewa, na kama upo mradi wa barabara au mtaro uliokwisha kupimwa. Mradi wa barabara huweza kuipandisha nyumba iliyo nyuma na kuiondoa iliyo mbele.

Baada ya hapo, soko lenyewe hutofautiana kwa sehemu, na hapa ndipo watu wengi hujilinganisha na wasiofanana nao.

Katika Mji Mkongwe, ambao uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, bei ya nyumba hutegemea sana ruhusa ya matumizi. Nyumba iliyo katika njia za maduka kama Gizenga au Hurumzi hutazamwa na wafanyabiashara kama duka au hoteli, ilhali nyumba ya mtaa wa ndani hutazamwa kama makaazi tu. Ujenzi na ukarabati humo huhitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na nyumba iliyoongezwa ghorofa au kubadilishwa mlango bila ya kibali hubeba deni hilo hadi kwa mnunuzi.

Katika mitaa inayokua kama Fuoni, Tunguu, Bububu au Chukwani, wanunuzi wengi ni familia zinazotafuta nyumba ya kuishi. Huuliza maji, umeme, skuli, msikiti na usafiri wa daladala kwa mpangilio unaokaribiana na huo.

Katika ukanda wa utalii wa Nungwi, Paje na Jambiani bei zimekuwa zikitajwa kwa dola. Asiyekuwa Mtanzania haruhusiwi kumiliki ardhi kama anavyomiliki mwenyeji, hivyo fedha kubwa unazozisikia huko mara nyingi ni za ukodishaji wa muda mrefu wa uwekezaji au za fleti zilizouzwa kwa utaratibu wa sheria ya umiliki wa sehemu ya majengo. Nyumba yako ya kijijini, mita mia tano kutoka ufukweni, haiuzwi kwa bei ya hizo.

Pemba, katika Chake Chake, Wete na Mkoani, wanunuzi ni wachache zaidi na fedha hutembea kwa msimu. Mwaka wa karafuu nyingi, baada ya watu kulipwa, nyumba na viwanja huulizwa sana. Mwaka wa karafuu chache nyumba ile ile hukaa. Bei iliyolipwa wakati wa mavuno mazuri isichukuliwe kuwa ndiyo bei ya mwaka mzima.

*Utajua umefanikiwa* ukiweza kuandika ni nani hasa atakayeinunua nyumba yako: familia, mfanyabiashara, mpangishaji, au ndugu aliyeko nje. Kila mmoja ana mfuko wake na maswali yake.

## Hatua ya 4: Kagua jengo kutoka msingi hadi paa

Anza na kuta. Nyufa nyembamba kama unywele katika plasta si tatizo. Ufa wa kuogopwa ni ule unaokwenda mshazari kutoka pembe ya dirisha au mlango, hasa ukiwa mpana juu kuliko chini, kwa sababu huashiria kwamba msingi umezama upande mmoja. Piga mstari wa risasi mwisho wa ufa, andika tarehe pembeni yake, na urudi kuutazama baada ya mwezi. Ufa uliovuka mstari bado unatembea, na mnunuzi mwenye fundi atauona.

Kisha sehemu ya chini ya kuta. Plasta inayomomonyoka na unga mweupe hadi usawa wa goti ni dalili ya unyevu unaopanda ukiwa na chumvi, ama kutoka ardhini ama katika mchanga wa pwani uliotumika kufyatulia matofali. Rangi mpya hufunika hali hiyo kwa miezi michache tu.

Dari ya zege ndiyo inayokata bei kuliko kitu chochote cha jengo. Igonge taratibu kwa mpini wa nyundo, hatua kwa hatua, kutoka pembe hadi pembe. Zege zima hutoa sauti kavu na nzito. Palipoachana hutoa sauti ya kitu kitupu. Tafuta mistari ya rangi ya kutu inayofuata njia ya nondo. Nondo ikishika kutu huvimba, hupasua zege kutoka ndani, na vipande huanza kudondoka. Nyumba zilizo karibu na bahari hupatwa na hali hii mapema. Ukiikuta, pata makisio ya fundi kwa maandishi, kwa sababu mnunuzi asiyejua gharama halisi hukata mara mbili yake.

Kwa nyumba za mawe na chokaa, kagua boriti mahali zinapoingia ukutani, kwani huko ndiko zinakooza. Ukuta wa chokaa uliopigwa plasta ya saruji hufungia unyevu ndani, na boriti huoza bila ya mtu kuona. Mnunuzi anayezijua nyumba hizi ataibonyeza boriti kwa kisu.

Bati litazame kwa ndani mchana, taa zikiwa zimezimwa: kila tundu la msumari lililoliwa na kutu litaonekana kama nukta ya mwanga.

Maji yapime, usiyasimulie. Fungua mfereji, weka ndoo ya lita 20, na uhesabu dakika mpaka ijae. Fanya hivyo asubuhi na jioni kwa wiki nzima, ukiandika pia siku ambazo maji ya ZAWA hayakutoka. Daftari lenye saa na tarehe linaposema ndoo hujaa kwa dakika moja na nusu kila alfajiri, mnunuzi ana kitu cha kushika. Ikiwa kuna kisima, onja maji yake na useme wazi kama yana chumvi. Karo la choo lifunguliwe mtu alione, na mita ya umeme ya ZECO ihakikishwe kuwa imesajiliwa kwa jina linalofahamika na haina deni.

*Tahadhari:* usifiche kasoro kwa rangi. Mnunuzi akigundua jambo moja lililofichwa, huhesabu kwamba yapo kumi, na kuanzia hapo kila unalolisema litakuwa na punguzo.

*Utajua umefanikiwa* ukiwa na orodha ya kasoro, kila moja ikiwa na makisio ya gharama yake.

## Hatua ya 5: Kusanya bei zilizolipwa kweli

Hii ndiyo hatua wanayoiruka karibu wote, na ndiyo yenye uzito kuliko nyengine katika kupata tarakimu.

Bei iliyotangazwa ni matumaini ya muuzaji. Unachokitaka ni bei iliyotoka mfukoni. Muulize sheha, ambaye mauziano mengi ya shehia hupita mbele yake, japo si kila mmoja atakubali kutaja. Waulize waliouza, kwa sababu aliyekwisha kumaliza huwa hana sababu ya kukuza. Waulize madalali wawili au watatu wasiojuana, na usiwaambie kwamba unauza. Sema unatafuta, kisha siku nyengine mtume mtu aseme anauza nyumba kama hiyo. Kati ya bei utakayopewa kama mnunuzi na ile atakayopewa mwenzako kama muuzaji, hapo ndipo soko lilipo.

Tafuta nyumba tatu angalau, zilizouzwa ndani ya mwaka mmoja, katika shehia yako au ya jirani. Iache iliyouzwa baina ya ndugu, iliyouzwa kwa dharura ya matibabu, na iliyouzwa kwa mnada wa deni, kwa sababu bei hizo hazikutoka sokoni. Kisha rekebisha kila moja ili ifanane na yako: penye ubora kuliko yako, punguza, penye upungufu, ongeza.

Tuseme nyumba yako ni ya Fuoni, yenye mita za mraba 100 za jengo, kiwanja cha mita za mraba 300, hati safi na njia ya udongo.

Nyumba ya kwanza iliuzwa shilingi 85,000,000 ikiwa kando ya lami, na mengine ni sawa. Ikiwa lami inaongeza takriban 8,000,000 hapo mtaani, kipimo chako ni 77,000,000.

Ya pili iliuzwa 70,000,000 ikiwa na karatasi ya sheha tu. Ikiwa hati safi inaongeza 10,000,000, kipimo ni 80,000,000.

Ya tatu iliuzwa 82,000,000 ikiwa na kiwanja cha mita za mraba 350. Mita 50 za ziada kwa shilingi 120,000 kila moja ni 6,000,000, kwa hiyo kipimo ni 76,000,000.

Nyumba ya Fuoni, basi, ipo baina ya milioni 76 na 80.

Swali ambalo kila mtu huuliza ni wapi inatoka ile milioni 8 ya lami au milioni 10 ya hati. Hutoka katika jozi: nyumba mbili au viwanja viwili vinavyofanana kwa kila kitu isipokuwa jambo moja. Viwanja ni rahisi zaidi kuliko nyumba, kwa hiyo linganisha kiwanja cha lami na cha nyuma yake, chenye hati na kisichokuwa nayo, na utaiona tofauti.

*Tahadhari:* bei iliyolipwa kwa dola igeuzwe kwa kiwango cha siku ile ilipolipwa, si cha leo.

## Hatua ya 6: Hakikisha kwa hesabu mbili nyengine

Gharama ya kujenga upya. Uliza mafundi wawili gharama ya sasa ya kujenga mita moja ya mraba ya nyumba ya kiwango chako. Ikiwa ni 600,000, mita 100 ni 60,000,000. Kisha ondoa uchakavu. Nyumba ya miaka 15, ikikadiriwa kuishi miaka 50, imetumia asilimia 30 ya uhai wake, kwa hiyo ondoa 18,000,000, zibaki 42,000,000. Ongeza thamani ya kiwanja, mita 300 kwa 120,000, ambayo ni 36,000,000. Jumla ni 78,000,000.

Hesabu hii ndiyo inayowaumiza walioijenga nyumba kwa upendo. Marumaru ghali, dari ya nakshi na milango ya mbao ngumu iliyochongwa huingia katika gharama, lakini soko la mtaa wa nyumba za kawaida halirejeshi yote.

Kodi. Nyumba ikipangishwa 500,000 kwa mwezi, ni 6,000,000 kwa mwaka. Toa miezi ya kukaa tupu na matengenezo, tuseme 1,200,000, zibaki 4,800,000. Ikiwa wapangishaji wa mtaa huo huridhika na asilimia 6 kwa mwaka, gawa 4,800,000 kwa 0.06 upate 80,000,000.

Njia tatu zikikubaliana, kama hapa, una sababu ya kujiamini. Zikipishana sana, usichukue wastani. Rudi utafute kosa, ambalo mara nyingi liko katika bei za kusikia za hatua ya tano.

## Hatua ya 7: Amua cha kutengeneza na cha kuacha

Tengeneza kile ambacho gharama yake ni ndogo kuliko punguzo litakaloletwa nacho. Kwa kawaida hivyo ni karatasi, mpaka na jirani, bati linalovuja, mfereji usiotoka, taka za uani na kufuta madeni ya maji na umeme. Jiko jipya, marumaru na chumba cha ziada viache, kwa sababu mnunuzi atataka kuchagua vyake. Dari iliyoharibika mpe mnunuzi pamoja na makisio, umpunguzie kiasi hicho, badala ya kuitengeneza kwa haraka na kuacha shaka.

## Hatua ya 8: Weka bei tatu na uzihifadhi

Kwa nyumba yenye thamani kubwa, yenye warithi wengi, au inayonunuliwa kwa mkopo wa benki, mlipe mthamini mwenye leseni asiyelipwa na dalali. Muombe taarifa inayotaja thamani ya soko na thamani ya mauzo ya haraka mbali mbali, kwa kuwa ya pili huwa ndogo na wanunuzi wajanja hupenda kuishikilia hiyo. Taarifa ya mthamini pia huwatuliza warithi, kwa sababu bei haijatoka kinywani mwa ndugu yeyote.

Andika bei ya kutangaza, bei ya kukubali na bei ya kuondokea, yaani ile ambayo chini yake huuzi. Kwa mfano wetu wa Fuoni, 84,000,000, 78,000,000 na 75,000,000 ni za busara. Kutangaza 120,000,000 “ili wapunguze” huwafukuza wale wenye fedha, nao ndio wasiokuwa na muda wa kuvutana.

Kabla ya kukubali, toa gharama zako: ada ya dalali, wakili, ushuru wa stempu kama mapatano yanakuwekea wewe, na kodi ya mapato yatokanayo na mauzo, ambayo husimamiwa na TRA hata Zanzibar kwa kuwa kodi ya mapato ni jambo la Muungano. Uhaulishaji wenyewe hupita katika bodi iliyowekwa na Sheria ya Uhaulishaji wa Ardhi ya mwaka 1994, kwa hiyo hesabu pia muda wa kusubiri. Wapigie warithi hesabu ya kilichobaki, kila mmoja na fungu lake kwa shilingi, wakiwa wamekaa pamoja, na kila mmoja asaini kwamba bei ya kuondokea ameikubali. Atakayebisha abishe siku hiyo, kabla mnunuzi hajaja.

Usimtajie dalali bei ya kuondokea. Anayejua kikomo chako atakipeleka kwa mnunuzi.

*Utajua umefanikiwa* pale watu wawili au watatu wenye fedha watakapokuja katika wiki za mwanzo na kutaja kiasi kilicho karibu na bei yako ya kukubali. Ikiwa kwa miezi mitatu wanakuja wengi na hakuna anayetaja kitu, bei iko juu. Rudia hatua ya tano kwa mauzo mapya. Ikiwa hawaji kabisa, taarifa haijawafikia waliokusudiwa katika hatua ya tatu, na kushusha bei hakutasaidia. Ikiwa wanakuja, wanaipenda nyumba, kisha wanatoweka baada ya kuona karatasi, rudi katika hatua ya kwanza na usiipunguze bei hata shilingi moja mpaka umeimaliza.